Mfua Bati wa Oruro

Mashine ya kufyonza ilikata roho Jumanne,
katikati ya kazi, kwa mlio wa mbuzi.
Fundi wa La Paz alitaja bei ya kipuri.
Mhasibu akatuandikia barua ndefu, tamu,
yenye mihuri miwili:
mafuta yale yale ya mgongo wa chupa.

Sisi tulitaka mafuta ya kweli,
vijiko vinne hivi, kutoka paja la Primitiva Colque,
yapande juu yajaze shavu
pale fataki ya kanivali ilipochimba shimo
akiwa na miaka tisa. Leo ana thelathini na mmoja.
Anauza soksi za sufu, na huziuza kwa ubavu,
upande mzima ukiwaelekea wateja.

Daktari Veizaga akachukua bomba la sindano,
kubwa, lile la kulishia wagonjwa,
akavuta pistoni hadi mwisho, akaikabia hapo
kwa kipande cha bomba jingine alichokata kwa mkasi.
“Ombwe ni bure,” akasema. “Mkono tu unachoka.”

Ikabaki kanula.
Akaenda nayo mtaani kwa wafua bati,
kwa mzee Zenobio, mtengeneza nyuso za mashetani,
pembe ghorofa tatu, meno ya vioo.
Akampa mrija wa chuma cha pua.
“Ncha iwe kali?”
“Butu. Kama pua ya ndama. Ipapase njia, isichome.”
Mzee akatoboa vitundu viwili ubavuni,
akapiga tupa, akasugua, kisha akapitisha uzi wa sufu,
akauvuta polepole, sikio karibu.
Uzi ukakwama. Akarudia tupa.
Mara ya tatu ukapita kama neno lisilo na deni.
Alidai bei ya mikate sita, na akalipwa.

Siku yenyewe nilikuwa mshika vyombo.
Mashine ya kuzungushia hatuna; tuna saa ya ukutani.
Nikayasimamisha mabomba kwenye kopo lililochemshwa,
tukangoja, baridi ya mlima ikilamba madirisha,
mpaka yakajigawa yenyewe:
juu mafuta yaliyopasuka, chini maji na damu,
katikati ile tuliyoitafuta,
ya manjano, nzito, hai.
Daktari akaipanda tone kwa tone,
kila tone shimo lake, kila shimo njia yake,
na Primitiva, uso umekufa ganzi,
akauliza kama paja litaona wivu.

Nusu ililiwa na mwili. Tulimwonya.
Mwezi wa nne alirudi, na nyuma yake
mzee Zenobio, kofia mkononi, hakualikwa.
Akamshika kidevu, akamgeuza dirishani
kama anavyogeuza kinyago kabla ya rangi,
akafumba jicho moja.
“Hapa,” akasema, kidole chini ya mfupa,
“bado pamebonyea. Ongezeni.”

Daktari akainama, akatazama.
Akaniambia nichemshe maji.