Zamu ya Taa

Kwetu saa haikosei.
Jua likishaachana na bega la Kibo ni saa moja,
likizama upande wa Monduli ni kumi na mbili,
Januari kumi na mbili, Juni kumi na mbili,
zaidi na pungufu ni dakika ambazo hata jogoo hajali.

Lakini krisanti haitazami mchana.
Inahesabu giza,
kama mtu aliyekosa usingizi anavyohesabu mabati.
Ikipata giza refu lisilokatika, inajiambia basi,
inaacha kurefuka, inaweka tumba.
Na wanunuzi wa Ulaya hawataki tumba.
Wanataka vipandikizi, vidole vya kijani
visivyojua bado vitakuwa nini.

Ndiyo kazi yangu, hapa Usa River.
Saa nne na nusu usiku naingia banda la saba na buti za mpira,
nabonyeza swichi,
taa mia mbili zinafumbua macho juu ya matuta,
usiku unakatwa katikati kama muwa.
Saa nane nazima.
Mimea imeshadanganyika. Inasema bado,
inaongeza jani.

Miaka tisa nasema bado.
Mchana nalala nyuma ya blanketi
lililopigiliwa misumari dirishani.

Mwezi wa nne umeme ulikatika.
Jenereta likakohoa, likanyamaza; dizeli
ilikuwa kwenye daftari, haikuwa kwenye tangi.
Usiku wa kwanza, wa pili, hata wa sita
nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikasikia vyura wa mfereji
na kitu kingine, sijui nikiite nini:
miche elfu arobaini ikihesabu bila kukatizwa.

Wiki tatu baadaye Bwana Nanyaro alipasua ncha moja kwa kucha,
akanionyesha punje, ndogo kuliko ulezi.
"Imeshaamua," akasema. Wala hakukasirika.
Banda zima likaenda kwenye shimo la mboji.

Mimi nilibeba nane ndani ya koti.

Nikazipanda Nkoaranga, nyuma ya jiko la mama,
kati ya migomba na zizi la mbuzi,
ambako taa ni moja na huzimwa mapema.
Hazikurefuka tena.
Zilifunguka Juni, katikati ya ukungu, manjano
ambayo katika miaka yote tisa sikuwahi kuiona.
Mama akakata mbili, akaziweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia.
"Siku zote hizo zilikuwa zinangoja nini?"
"Giza," nikasema.
Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Kanankira, giza la huku lini limeadimika?"

Sikumjibu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni,
gari la zamu linapiga honi barabara ya chini.
Nilitafuta buti ya kushoto
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
na jua likawa linakwenda zake Monduli,
bila haraka, bila kuchelewa.