Jibu kwa Chengo

Uliniuliza Jumanne, tumechuchumaa nyuma ya kabati la seva,
tochi mdomoni mwako,
ukaitoa tu ili uniulize: kazi hii ina kesho?
Sikukujibu. Nilikuwa nahesabu nyaya.

Chumba hiki cha Shimanzi kilikuwa stoo ya buni.
Kiyoyozi kikizima, kuta hukumbuka,
harufu ya magunia ikapanda juu ya mashine.
Na chumvi, Chengo. Chumvi ya hapa haibagui:
imekula bawaba, imekula mabati,
inaramba hata vijino vya shaba ndani ya seva.
Ndiyo maana ulinikuta na kitambaa na spiriti
kama muuguzi.

Mwaka ule mjusi alipoungulia kwenye pawasaplai
tulipoteza hesabu za makontena mia tatu na sita.
Nililala hapa siku tatu, juu ya katoni,
nikirudisha nakala kipande kwa kipande
kama mtu aokotaye shanga za mwenziwe sakafuni
kabla mwenyewe hajajua uzi umekatika.
Jumatatu Bi Zamzam wa uhasibu akaingia, akaketi,
akasahau nywila yake, kama kila Jumatatu.
Nikamwekea mpya.

Fundi cherehani ataonyesha kanzu.
Mpishi wa harusi ataonyesha sufuria tupu.
Mimi nionyeshe nini?
Siku ambayo hakikutokea kitu?
Mama huwaambia majirani wa Kuze: mwanangu ni mlinzi.
Sijamsahihisha.

Kisha akaja yule mshauri kutoka Nairobi.
Akachora wingu ubaoni,
wingu nene, la mtoto wa chekechea,
akaitia humo kazi yangu yote.
Nikauliza, wingu lenyewe linakaa wapi?
Akasema: kwenye seva.
Nilicheka peke yangu mkutano mzima.
Maana huko nako, kwenye baridi ya watu nisiowajua,
naapa kuna mtu amechuchumaa
na tochi mdomoni.

Lakini nisikudanganye.
Huko mtu mmoja anatosha pale tulipokuwa ishirini.
Na ipo sasa programu inayosoma hitilafu
kabla sijafumbua jicho la pili.
Nimeshindana nayo. Imenishinda.
Alhamisi usiku iliniambia: diski imejaa, futa folda hii ya zamani.
Imejaa, kweli. Ya zamani, kweli.
Haikujua kwamba mna hati za mzigo wa Mbarak
na kesi yake inasikizwa kesho yake saa tatu.
Mimi nilijua, kwa kuwa nilimpita koridoni
akizungumza na ukuta.

Basi hilo ndilo jibu langu, ukilitaka:
kesho ipo, ila haina chumba.
Haitakuuliza kama unajua kukaza skrubu.
Jifunze kuiandikia mashine maagizo, na kuyasoma tena
kama asomaye mkataba wa nyumba.
Jifunze kusema sijui mbele ya mkurugenzi.
Pita koridoni polepole.
Mengine sina. Nina miaka arobaini na saba
na mtihani wa wingu nimeufeli mara moja;
nitaurudia Machi.

Jumamosi tulizima.
Ulikuwa Kaloleni mazishini, hukusikia.
Feni zilishuka moja moja, ya mwisho ikakohoa,
na kimya kikaingia kama mgeni asiyebisha hodi.
Hapo ndipo nikasikia, ng'ambo ya ukuta,
nyundo. Tang. Tang-tang.
Mtu ananyoosha rimu za malori.
Nikazunguka nje nikamsalimu. Anaitwa Mwero.
Yupo pale mwaka wa kumi na moja,
anatujua sisi kwa mvumo tu; alidhani ni mashine ya kusaga.
Akafuta mikono, akaniuliza:
kwani mlikuwa mkifanya kazi gani humo?

Nikaomba kigoda.