Maoni kwa Nyemo, Hatua ya Tatu

Nyemo,
gemu yako nimeicheza usiku kucha hapa Nkuhungu,
kwenye simu ya mteja ambayo hajaifuata tangu Jumanne,
kioo kina ufa kutoka pembe hadi pembe.
Usinicheke. Simu za wachezaji wako ndizo hizi.

Mwanzo nilikuandikia neno moja: Safi.
Nikalifuta.
Safi ni neno la kumpa mtu anayeondoka.
Wewe hujaondoka, umekaa Area C na kompyuta iliyong'oka herufi K,
unangoja mtu akwambie kweli.

Basi kweli.
Mtoto anapanda dungu vizuri.
Debe linalia kama debe, bati tupu, si kengele ya kanisani;
nilipoligonga mara ya kwanza paka wa jirani aliruka dirishani.
Hilo usiliguse, hata ukilipwa.

Kombeo ndilo linanisumbua.
Nabonyeza, jiwe linasita
kama linaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa,
na kweleakwelea hawajui ruhusa.
Nimepima: nusu pumzi.
Nusu pumzi ni masuke kumi ya uwele.

Hatua ya tatu nimekufa mara kumi na tisa.
Mara kumi za kwanza nilijiona mjinga.
Ya kumi na moja nikaanza kukuona mjinga wewe,
na hapo ndipo nilipochukua kalamu.
Ugumu sina ugomvi nao.
Ila ndege wanatokea kushoto, chini ya kidole gumba changu,
palepale ulipoweka kitufe cha debe.
Nauawa na kitu nilichokifunika mwenyewe.
Dawa siijui. Labda kitufe kihame,
labda kivuli cha kundi kitangulie.
Wewe ndiwe fundi wa hilo, mimi nakuonyesha panapouma.

Niliandika pia: ongeza bunduki, ongeza sarafu.
Hiyo ingekuwa gemu yangu. Nimeikata.

Halafu kuna ule ukimya.
Kundi limeondoka, hakuna kinachotokea,
upepo tu, na mtoto anajikuna goti.
Niliandika: panachosha.
Kisha nikakumbuka Mvumi, nina miaka minane,
ndege wameshahamia shamba la wengine,
wenzangu wanaimba hesabu shuleni, sauti inafika nusunusu,
na mimi siwezi kushuka.
Nikalifuta lile neno.
Lakini nakwambia kwamba niliandika,
kwa sababu asiyewahi kukaa dunguni atalisema
na hatakuwa mwongo.
Usiufupishe ukimya. Mpe tu kitu cha kutazama.
Sisimizi mmoja anatosha.

Nilidhani nimemaliza.
Asubuhi mwenye simu akaja, mama muuza karanga wa stendi,
akauliza, huyu mtoto juu ya miti anafanya nini?
Ulimi uliniwasha. Nikaumeza ushauri wote.
Nikamwachia, nikajifanya natafuta bisibisi,
huku natazama kidole gumba chake, kinene, kina chumvi,
kinavyotua kushoto.

Akafa.
Akasonya.
Akavuta kigoda, karanga bado kichwani,
akaanza tena.

Andika na hilo.