Wananiita Kondoo

Niliinunua sokoni, siku mvua ilipowafukuza wateja,
chini ya turubai lililobeba ziwa tumboni.
Kombe akaikung'uta, akacheka hadi akaketi juu ya mitumba:
"Mama Nyevu, sufu? Malindi hii?
Januari utaiva kama muhogo!"
Nikamwambia sinunui ya Januari, nanunua ya Julai.
Mia mbili. Akanipunguzia hamsini
kwa kuuhurumia wazimu wangu.

Ya kijivu, rangi ya ugali wa mtama uliolala.
Kiwiko cha kulia kililiwa na nondo,
na mtu fulani, sijui nani, sijui wapi,
akakishona kwa uzi mwekundu
bila kujisumbua kutafuta rangi inayofanana.
Nilimpenda kwa hilo.

Kazi yangu ni kuhesabu ndege mlangoni mwa Sabaki.
Si mzaha. Nalipwa, ingawa wakwe zangu hawaamini
kwamba mtu aamke saa kumi za usiku,
avuke matope,
aandike daftarini: heroe mia nne na kumi,
membe wengi, sululu saba waliokataa kurudi kwao.
Kipupwe hakijali kwamba hapa ni pwani.
Kusi inavuma na manyunyu ya mlazo,
mvua isiyoanguka bali inayotembea,
inayoingia shingoni bila hodi.

Miaka mitatu nilivaa fulana na leso mbili.
Pamba ni rafiki wa jua.
Ikiloa inakuganda kama mdai,
inakunywa joto lako hadi tone la mwisho.
Koti la plastiki nalo: nje mvua, ndani mvua.
Nilikuwa nikirudi nyumbani siwezi kushika kijiko.

Sufu ni kitu kingine.
Inaloa, sidanganyi. Inalemea mabega
kama mtoto aliyelala mgongoni,
lakini chini yake ngozi haisahau
kwamba ni ya mtu aliye hai.
Na inanuka. Mungu wangu, inanuka!
Ikinyeshewa inakumbuka ilikotoka:
zizi, mavi, majani ya mlimani.
Ndiyo maana watoto wa Mambrui wananiita Kondoo.
Wanalia "mee" nipitapo,
nami nawaitikia.

Wiki iliyopita wakaniletea Thoya, mwanafunzi,
jezi ya mpira mwilini, miwani ya jua kichwani.
Naye alicheka. Akaziba pua,
akahamia upande upepo unakotoka.
Tukafika kwenye kisiwa cha mchanga maji yameshuka.
Kufikia heroe wa mia mbili
alikuwa ameacha kucheka.
Kufikia mia tatu meno yalikuwa yakitwanga,
midomo rangi ya zambarau,
na namba alizonitajia zilianza kurudi nyuma:
mia tatu na tisa, mia tatu na mbili, mia na…
Nikajua si hesabu iliyomshinda.

Nikaivua. Nikaikamua,
yakatoka maji ya kahawia kama ya mto wenyewe.
"Vaa."
"Imeloa."
"Vaa, mwanangu."
Akavua jezi, akaivaa juu ya ngozi tupu, uso ameukunja,
nami nikajifunga leso zangu, nikarukaruka mchangani
kama bibi harusi aliyebanwa haja.
Dakika kumi. Kumi na tano.
Kisha akasema, taratibu:
"Mama, inawasha."
Sikuuliza kama ni mwasho au ni moto.

Sabaki ulipita kando yetu, mwekundu,
umebeba udongo wa bara nisikowahi kufika.
Labda huko, labda mbali zaidi,
kondoo mmoja alisimama mvuani akitafuna,
hana habari nasi.
Tukaanza upya kutoka heroe wa kwanza.

Hajairudisha. Leo siku ya sita.
Nimepita kwa Kombe; ana nyingine, ya kijani,
viwiko vyote vizima.
Mia nne, anasema, na hapunguzi hata shilingi.
Anasema siku hizi inaulizwa.