Goti la Kulia

Szeged, saa tano usiku. Sahani zimeondolewa,
karatasi imetandazwa mezani juu ya makombo.
Treni ya kwanza inaondoka saa kumi na mbili kasorobo
na kutushusha Budapest, stesheni ya Magharibi.
Ya kwenda Vienna inaondokea stesheni ya Mashariki.
Aliyezitenga stesheni hizi mbali namna hii
hakuwa na mama mkwe.

Kati yake kuna metro mbili, ya buluu kisha nyekundu,
ngazi za umeme zinazokimbia kama zinadaiwa,
na muda wa saa moja na dakika tatu.
Tele, atasema msafiri mwenye begi moja.
Sisi tu watano:
Gergő, mume wangu, haulizi njia hata akipotea;
Zsombor, miaka tisa, haachi kuuliza;
Boróka, miaka minne, husimama kila penye mbwa;
mimi, mwenye penseli;
na Piroska, mamake Gergő,
mwenye goti la kulia
ambalo, kweli, hulia.

Jumapili nilimpima.
Nilimtuma paprika, nikasimama dirishani
na saa ya Zsombor mkononi.
Kutoka mlangoni hadi duka la pembeni,
dakika sita na nusu.
Alipumzika mara mbili
akijifanya anasoma matangazo ukutani.
Nikaandika: sita na nusu. Nikazidisha.
Nikaona aibu, nikafuta.
Nikaandika tena,
maana aibu haishikilii mlango wa treni.

Teksi? Bei yake ni chakula cha siku mbili.
Lifti? Márta wa Budapest anasema ipo.
Kufanya kazi, anasema, ni habari nyingine.
Nimeandika LIFTI, na mbele yake
alama ya kuuliza kubwa kama ndoana.

Viti: vinne vinatazamana,
cha tano kiko ng'ambo ya njia.
Gergő kasema atakaa yeye. Piroska kasema yeye.
Zsombor keshaandika jina lake, kwa kalamu ya kijani,
na ombi: Vienna, tupande tramu moja
mpaka mwisho wa reli, halafu turudi.
Kuna nini huko mwisho?
"Mwisho," alinijibu.
Nimeacha Jumamosi mchana wazi.
Ni nafasi pekee ya wazi katika karatasi nzima
na macho yangu hayaachi kurudi pale.

Alhamisi nilitoka na takataka, usiku,
nikasikia nyayo kwenye ngazi za jengo.
Lifti yetu ni nzima; hakuna apandaye kwa miguu.
Nikachungulia.
Piroska, ghorofa ya pili, mkono kwenye chuma,
begi la safari begani limejaa kitu kizito
(asubuhi niliikuta pakiti ya unga haipo mahali pake).
Anapanda vidato vitano, anatulia.
Anasogeza saa karibu na macho. Midomo inahesabu.
Vitano tena.
Kuna neno alilitamka kwenye kona,
mtoto angelitamka angechapwa.
Sikuwasha taa.
Nilirudi ndani na takataka zangu zilezile.

Leo nimeketi kumaliza:
tikiti kwenye bahasha, bahasha kwenye koti,
sandwichi kumi, mbili zisizo na kitunguu,
namba ya hoteli imeandikwa mkononi mwa Zsombor
na ndani ya kiatu cha Boróka.
Nikashuka hadi ule mstari wa sita na nusu.
Umekatwa.
Chini yake, kwa wino, herufi zilizolala upande
kama zilivyofundishwa shule za zamani:

"Tano na robo, nikiwa na mzigo.
Na paprika haikuwa imeisha. Nilifungua kabati kabla ya kutoka."