Kwa Atakayeazima Begi Hili Baada Yangu

Zipu imekufa upande mmoja, ifungue kwa subira.
Ndani utakuta kamera, kinasa sauti, betri nne
(ile yenye plasta ni mwongo: inasema imejaa, kisha inazimika)
na soksi ya sufu isiyo na mwenzake.
Usiicheke. Usiitupe.

Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Lechipya alishika kamera,
kwa kuwa stendi ya miguu mitatu ilikuwa yake
na sisi wengine hatukuwa na hata mguu mmoja.
Tulikwenda Chali, Bahi ndani huko,
kumrekodi Mama Mbeleje, fundi wa pampu za maji,
mwanamke wa spana tisa na maneno machache.

Upepo wa Dodoma hauombi nafasi.
Kwa macho huuoni mpaka vumbi lisimame;
kwenye maikrofoni ni lori bovu likipanda Ntyuka.
Tulimhoji saa nzima, hedifoni nimezitundika shingoni
kama mkufu, nionekane.
Usiku, gesti, tukasikiliza:
Mama Mbeleje akifungua kinywa, upepo unajibu.
Saa nzima upepo ukitueleza
namna ya kubadili mpira wa pistoni.

Asubuhi nikavua soksi, nikaivisha maikrofoni.
Hivyo ndivyo mguu wangu wa kushoto ulivyoingia kwenye sanaa.

Kisha sogea. Maikrofoni haivuti cha mbali;
ukilitaka neno, lifuate linapotokea,
ukomee pale tu picha inapoishia.
Zima simu. Uliza mashine ya kusaga hupumzika saa ngapi.
Na kabla ya kila kipande piga kofi moja mbele ya kamera, pa!
Hilo ndilo litakalofunga ndoa ya picha na sauti
mtakapokuwa mnahariri saa nane za usiku, mmenuniana.

Tulimrudisha Mama pampuni mara nne:
mara picha ya mbali, mara mikono peke yake,
mara jogoo, mara Lechipya
alisahau kubonyeza kitufe chekundu, akakiri kwa kukohoa.
Mama akatua ndoo, akatutazama.
"Hii filamu yenu ina kiu kuliko ng'ombe."

Sasa lile ninalolizunguka tangu mwanzo.
Lechipya alipiga picha zote saa saba mchana,
jua utosini, kioo kikimwaka asione anachokiona.
Tulipofungua kompyuta, kila kitu kilikuwa cheupe.
Uso wa Mama, karatasi. Bomba, mstari wa mkaa.
Maji hayapo.
Giza unaweza kulibembeleza likakuachia kitu.
Nyeupe ikishapita kiasi hairudi, hata ulie.

Ila kabla hatujafunga mizigo niliomba nusu dakika ya kimya.
"Mnarekodi nini, na hakuna anayesema?"
"Mahali," nikamwambia.
Akanyamaza nasi.
Hedifoni, safari hii, zilikuwa masikioni:
tone ndooni, tone,
kokoto chini ya kiatu cha Lechipya asiyejua kusimama,
kengele ya mbuzi mmoja,
chuma kikigwaya kidogo kila upepo ukikigusa,
na pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Nusu dakika hiyo ndiyo iliyosalia ya filamu yetu.
Tulimtumia kwa simu, bila picha, kwa aibu.
Akasikiliza. Akarudia. Akapiga:
"Nati ya chini imelegea. Ile inayogwaya, hamkuisikia?
Mimi nikiwa pale mikono inafanya kelele, siisikii."
Jioni ile akaenda na spana namba kumi na saba.

Alama tulizopata usiniulize.
Lechipya sasa hupiga picha saa kumi na mbili asubuhi
na haongei nami kuhusu rangi nyeupe.

Wewe fua soksi ukimaliza.
Usiianike kwenye dirisha la upande wa upepo.