Jumatatu, kwa Mlango wa Wateja

Miaka ishirini na sita nimesugua migongo ya Busan:
wauza samaki wa Jagalchi, magamba yamewaganda viwikoni,
mabibi harusi wa kesho, hawaishi kucheka,
na mama mmoja wa kila Ijumaa
aliyelala kifudifudi asiseme neno,
nami nikajua kwa mabega yake
kwamba mumewe amerudi, au ameondoka tena.

Kitambaa changu ni cha kijani, kinakwaruza kama ulimi wa paka.
Nakivaa kiganjani, naanza shingoni, nateremka,
taka zinajiviringa nyembamba, nyeusi,
kama mabaki ya kifutio kwenye daftari la mtoto.
Namwaga ndoo. Geuka, dada.
Kofi moja mgongoni: tumemaliza.
Anayefuata.

Mwaka huu nimetimiza hamsini na tatu.
Joto hunijia ghafla katikati ya kazi,
si la mvuke, la ndani,
linapanda kifuani hadi masikioni
kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
Gumba la kulia halikunjiki asubuhi
mpaka nilibembeleze kwa maji ya uvuguvugu.
Binti yangu Sol-bi hunitumia picha:
mikeka ya yoga, mishumaa,
mwanamke mwembamba anakunywa kitu cha kijani.
"Mama, jipende," ananiandikia.
Namjibu: sawa. Narudi kwenye ndoo.

Nilidhani kujipenda ni kununua.
Nikanunua. Krimu ya ute wa konokono, won elfu tisini,
iko kabatini na utepe wake,
tunatazamana kama mwenyeji na mgeni asiyekula.

Usiku mmoja nikajaribu kujisugua mgongo.
Mkono ukafika pale unapofika.
Katikati ya mabega kuna mahali,
ukubwa wake kiganja tu,
ambapo sifiki, wala hajafika mtu
tangu mama yangu azikwe.
Kinyozi hajinyoi. Haya, nimesikia.
Mbona hakuna anayeuliza
kinyozi ananyolewa na nani?

Jumatatu bafu letu hufungwa.
Nikapanda basi hadi Dongnae, nisikojulikana,
nikaingia kwa mlango wa wateja.
Nikalipa. Nikapewa ufunguo, namba arobaini na moja.
Nikavua nguo kama mwizi.

Msuguaji alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi.
Nikalala kwenye kitanda cha plastiki, rangi ya waridi,
mikono sijui niiweke wapi,
nikaanza kumhesabia makosa:
ameanzia chini mno, maji yamepoa,
kitambaa kimechakaa, mimi ningekitupa mwezi jana.

Kisha akafika pale.

Nikasahau hesabu.
Akapita mara moja, akarudi, akakaa hapo hapo
kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.
"Unafanya kazi gani, dada? Mgongo umekaza hivi!"
Nikasema: "Nafundisha hesabu."
Akaliinua gumba langu, akaligeuza kwenye mwanga,
akalirudisha polepole kitandani.
"Hesabu nzito," akasema.

Machozi yana faida bafuni: hayana ushahidi.

Akamwaga ndoo. Akanipiga kofi mgongoni.
Nalijua kofi lile, ni langu,
nimelipiga maelfu ya mara,
maana yake inuka, wenzako wanangoja.

Sikuinuka.
Anayefuata alisimama na taulo yake, maji yakimchuruzika,
akahama mguu huu kwenda ule.
Nikamwacha angoje.